Mtunza Hazina Hewa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo watu wa safari na wapo watu wa vijiweni. Mimi ni wa baraza langu hapa Utemini, na cherehani yangu imekaa mahali pamoja muda mrefu hadi miguu yake imechimba vishimo kwenye sakafu. Ukiniletea suruali nitaipunguza. Ukiniomba nikuletee ikiisha, nitakuuliza kwani wewe huna miguu.

Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nimewahi kuwa mpelelezi kwa kupenda. Shule nimeishia kidato cha nne, na daraja nililopata nimeliacha huko huko shuleni. Ila kuna kitu kimoja ninakijua bila kufundishwa, nacho ni kushuku. Mteja akisifia kazi yangu kabla hajaivaa, nashuku hana hela. Mke wangu akininunia nashuku, akinichekea nashuku zaidi.

Kwa hiyo jioni ile aliponipa habari za kiwanja cha mama yake, sindano ilisimama yenyewe.

Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi Iguguno. Mali yake hasa ni kiwanja cha kando ya barabara kuu alichoachiwa na marehemu mumewe. Hulima alizeti humo, na ikichanua hata madereva wa malori hupunguza mwendo. Kila mwenye hela kidogo ameshakitolea macho kile kiwanja. Yeye huwajibu kwamba hakijakomaa.

"Kuna shirika la kusaidia kina mama wakulima," mke wangu akasema. "Linataka kujenga mashine ya kukamua alizeti. Mama anataka kuwapa kile kiwanja."

"Kuwauzia?"

"Kuwapa."

"Bure?"

"Kwa ajili ya kina mama wote. Ametuita Jumamosi tukae kama familia, halafu mwenyekiti wa shirika aje na karatasi za kusaini."

"Huyo mwenyekiti ni mama gani?"

"Ni mwanaume."

Shirika la kina mama, mwenyekiti ana ndevu! Nikakunja kitambaa nilichokuwa nashona nikakiweka pembeni. Kwangu mimi hiyo ni dalili kubwa; hata siku bati letu lilipoezuliwa na upepo nilimaliza kwanza pindo.

"Nitawachunguza," nikasema.

Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe fundi? Wewe ambaye chumvi ikiisha unamwomba jirani apitie dukani?"

"Siku hizi watu wanachunguzwa umekaa."

"Haya. Kaa basi."

Kesho yake akaenda Iguguno kumsaidia mama yake kuvuna, akaniacha na simu yangu na baraza langu. Kabla hajafika alikuwa ameshanitumia picha ya kipeperushi cha shirika. Juu palikuwa na mama anayecheka akiwa ameshika ua la alizeti, na jina la mwenyekiti pembeni yake. Chini kabisa, kwa maandishi ya kuazimia miwani, waliandika kwamba mradi unafanywa kwa ushirikiano na kampuni fulani ya mafuta.

Mtu mwenye amani moyoni angemtazama yule mama. Mimi nilitazama yale maandishi madogo. Katika nguo pia ndivyo ninavyofanya: sitazami kifua, nageuza ndani naangalia mshono.

Sikujua hapo awali kwamba kila kampuni nchini imeandikwa mahali, pamoja na wakubwa wake, na kwamba hata mtu wa suruali kama mimi anaruhusiwa kuchungulia. Mteja wangu mmoja anayefanya kazi ya ukarani ndiye aliyenifungua macho. Unaingia kwenye tovuti ya msajili, unaandika jina la kampuni, unalipia ada kwa simu, unaletewa taarifa. Nikafanya hivyo huku nimekaa, kama nilivyoahidi. Mtandao ulikatika mara kadhaa, na kila ulipokatika niliamini mwenyekiti ameshajua.

Taarifa ilipofika niliisoma kwa kidole. Wenye hisa ni wawili: mwenyekiti wetu, na mwanamke mwenye jina la mwisho kama lake. Wakurugenzi ni wawili: hao hao. Shughuli za kampuni: kununua na kuuza mbegu za mafuta. Halafu, baada ya mkato, kumiliki ardhi na majengo.

Ule mkato sikuupenda kabisa.

Sasa likabaki shirika lenyewe, na hapo kukaa kukaniishia. Majina ya viongozi wa mashirika yanatunzwa na msajili wake, na kwa mkoa wetu mtu wa kumwona ni afisa wa maendeleo ya jamii, tena ofisini kwake. Nikavaa shati nililomshonea mteja ambaye hajalifuata, nikatoka. Jirani aliniona getini akaniuliza nani amefariki.

Ofisini nilimkuta dada mmoja mpole, wa rika la wadogo zangu.

"Shikamoo baba. Tukusaidie nini?"

"Marahaba. Nataka kujua viongozi wa shirika hili."

Akalitazama jina. "Wamekukosea nini?"

"Bado."

Akanitazama na mimi pia. "Ni haki yako kuuliza, baba. Lakini andika barua."

Nikaandika palepale, nimeegemea dirisha. Nilikumbuka vizuri walivyotufundisha, nikaanza kwa kishindo: tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Dada akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Baba, hicho kichwa cha habari chenyewe kiko wapi?"

Nilikuwa nimekisahau. Akaniruhusu nikichomeke pembeni kama mfuko uliosahaulika kwenye koti, akagonga muhuri, akaniambia nirudi baada ya siku mbili tatu. Niliporudi alinifungulia faili kwenye ukurasa wa viongozi, akauweka mkono wake juu ya kurasa nyingine. Nikanakili. Mwenyekiti: yule yule. Katibu: yule mwanamke wa kwenye kampuni. Mtunza hazina: mwanamke mwingine, majina matatu kamili, ambaye sijawahi kumsikia maishani mwangu.

"Huyu wa tatu ni nani?"

"Imeandikwa mkulima, Iguguno."

Mkulima wa Iguguno! Ni kama kuandika samaki wa ziwani. Nikaangalia sahihi yake: herufi kubwa kubwa zilizolala upande, kama zimeandikwa na mtu aliyekuwa anasukumwa. Nikajisemea, huyu mtu hayupo. Tumeshasikia wafanyakazi hewa na wanafunzi hewa. Sasa mimi, nikiwa na shati la watu, nimemkamata mtunza hazina hewa.

Sikuridhika na hisia tu. Yuko mama mmoja wa Iguguno anayeniletea sare za wanawe kushona. Nikamtajia yale majina matatu.

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hayupo. Iguguno yote simjui mtu huyo. Labda ungeniambia ni mama nani."

"Hajaandikwa mama nani."

"Basi nitamjuaje?"

Nikaona ushahidi umekamilika. Usiku huo mke wangu alipopiga simu sikumtajia hata jina moja.

"Yataje basi tuyasikie," akasema.

"Siyo kwenye simu."

"Kwani yana mabomu?"

"Nitayataja Jumamosi, mbele ya wote. Nataka nione nani atashtuka."

"Fundi, umekula lakini?"

Nilikuwa sijala. Nilikuwa nimeshaanza kumshuku hata shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anayeuza vipuri vya pikipiki pale pale Iguguno, kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema huo mradi ni mzuri.

Jumamosi nikafika. Kwa mama mkwe mtu hafiki kama anavyofika kwingine. Nilisimama mbali, nikainamisha macho, nikamwamkia nikiwa nimegeukia mti wa uani, naye akaitikia akiwa amegeukia mlango. Tumeishi hivyo tangu nimwoe binti yake, kwa heshima na upendo mwingi, na nadhani tukikutana sokoni ghafla kila mmoja angemtambua mwenzake kwa miguu. Nikapewa kigoda upande wa wanaume, karibu na baba mdogo wa mke wangu, mzee aliyekuwa anasimamia kikao. Mama mkwe alikaa ndani ya kizingiti, nusu ya khanga yake ikionekana.

Shemeji alinipokea kwa utani, kama ilivyo haki yake. "Karibu mpelelezi! Tunasikia ulitoka nje mara mbili wiki hii. Tulitaka kuwaita waandishi wa habari."

"Cheka tu," nikamwambia. "Nimekuja na majina."

Mzee akanipa nafasi. Nikasimama, nikafungua karatasi yangu. Sijawahi kusimama mbele za watu tangu sherehe ya kumaliza shule, na hata siku ile nilisimama kwa sababu viti vilikwisha.

Nikaanza na kampuni. Nikaeleza kwamba mwenyekiti wa shirika na mwenye kampuni ya mafuta ni mtu mmoja. Watu wakaguna. Nikaeleza kwamba katibu naye ni yule yule wa kwenye kampuni, na kwa jina lake anaonekana ni mke wa mwenyekiti. Wakaguna zaidi. Kumbe kuguna kwa watu kunalevya. Sauti ikapanda.

"Lakini subirini! Kuna mtunza hazina. Mtunza hazina wao, ndugu zangu, ni mtu hewa! Wamemtunga! Wameokota jina, wakaandika mkulima wa Iguguno, wakasaini wenyewe kwa mkono mbovu. Nani hapa anamjua mwanamke anayeitwa..." Nikayasoma yale majina matatu, moja moja, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nikayarudia kwa nguvu zaidi. "Yuko wapi? Ajitokeze! Mimi nasema mwanamke huyo hayupo duniani!"

Hakuna aliyeguna. Shemeji alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na sikujua kama analia au anacheka. Mzee aliinamisha kichwa akachora chini kwa fimbo yake. Kwenye kizingiti, ile nusu ya khanga ilikuwa imevutwa ndani.

Mke wangu akasema polepole, kwa sauti anayoitunza kwa makosa yangu makubwa tu: "Fundi. Kaa chini. Huyo ni mama."

Mkwe hatajwi jina. Hilo hata mtoto anajua, na kwa kuwa halitajwi, hakuna anayekufundisha jina lenyewe. Kwenye kadi yetu ya harusi aliandikwa Bibi, akifuatiwa na jina la mumewe. Kwenye msiba wa baba mkwe alikuwa mjane wa marehemu. Kijijini ni mama wa mtoto wake wa kwanza. Kwenye simu yangu ni Mama Iguguno, na hata laini yake imesajiliwa kwa jina la shemeji, kwa hiyo tukimtumia hela linatokea jina la shemeji. Na ningeulizaje? Mwanaume anayeuliza jina la mama mkwe wake anataka kulifanyia nini?

Mimi nililifanyia hivi: nililitangaza uani kwake mara mbili, nikamwita mtu hewa, nikasema ana mkono mbovu.

Nikakaa. Kigoda nilikikosa kidogo.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mama mkwe, akizungumza na mke wangu kana kwamba mimi niko Utemini. "Mwambieni mkwe wangu kwamba nipo."

"Anasema yupo," mke wangu akaniambia.

"Nimesikia," nikasema.

"Mwambieni kwamba mtunza hazina nipo. Hiyo hazina ndiyo sijawahi kuiona."

Hapo shemeji alishindwa. Alicheka mpaka akatoka nje ya ua, akarudi, akatoka tena. Lakini mzee hakucheka. Aliniambia faini yangu ni jogoo, tutaongea baadaye, kisha akageukia mlangoni.

"Mama, hayo ni ya kweli? Wewe ni kiongozi wao na hukutuambia?"

"Kina mama walinichagua. Niliona aibu. Mngesema nini? Mama kazeeka, sasa anatafuta cheo. Huyo anayecheka hapo nje angesema wa kwanza."

Shemeji akaacha kucheka.

"Kwa hiyo karatasi ulisaini mwenyewe," mzee akasema.

"Nilisaini mwenyewe, kwa mkono wangu huo mbovu. Na picha ya kitambulisho nikatoa. Tuliambiwa mashine itakuwa ya kwetu." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu anayepima mbegu kiganjani: "Mwambieni arudie pale pa kampuni."

Nikarudia, safari hii nimekaa, sauti chini, macho kwenye mti. Aliuliza maswali kupitia mke wangu. Wenye hisa ni kina nani? Kina mama wamo? Shirika limo? Na hiyo kumiliki ardhi imeandikwa wazi au mkwe ameongeza chumvi? Nikampa mke wangu simu, akampelekea ndani. Simu ilikaa huko muda mrefu. Nilijua kwa nini. Kiwanja kile ndicho kitu pekee duniani kilichoandikwa jina lake, lile lile nililokuwa nalipigia kelele.

Mwenyekiti akafika wakati huo, na mkate na katoni ya soda. Nilitaka awe mtu wa kuchukiza ili kazi iwe rahisi, lakini alikuwa kijana mstaarabu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Aliamkia wazee mmoja mmoja bila haraka. Suruali yake ilikuwa na mshono mzuri. Nikazidi kumshuku.

Mama mkwe akatoka ndani. Alikaa kwenye mkeka, akanipa mgongo mimi, akamtazama yeye usoni.

"Mwenyekiti, nauliza kama mtunza hazina. Kiwanja kikisainiwa kitaandikwa jina la nani?"

"La shirika, mama. La kina mama wenyewe."

"Hizo karatasi ulizobeba zinasema hivyo?"

Akagusa bahasha yake. "Kwa muda, mama, zinasema kampuni. Ni utaratibu tu. Mkopo wa mashine hautoki kwa jina la shirika. Mkopo ukiisha, kampuni inalirudishia shirika kiwanja."

"Kampuni ya nani?"

"Ya kwetu, mama."

"Sisi na nani?"

Kijana akatabasamu, akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kutabasamu naye. Mimi nilitazama mti.

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu. Nikisema nieleze yote hapa tutalala."

"Hatulali. Na hilo la kurudisha limeandikwa humo?"

"Hilo... hilo ni makubaliano yetu. Ni uaminifu, mama."

"Umesema kampuni itakishika kwa muda."

"Kwa muda tu."

"Sawa. Basi na mimi ngoja nikishike kwa muda."

Kijana hakukasirika. Alisema taratibu kwamba wafadhili hawangoji, kwamba kijiji kingine kimeshatoa ardhi, kwamba kina mama watakosa mashine kwa sababu ya maneno ya kwenye simu. Aliposema hivyo uso wake ulikuwa na huzuni, na mimi, bingwa wa kushuku, niliupekua uso ule nikatafuta pa kushika nisipate. Mpaka leo sijui. Huenda alitaka kuwaibia. Huenda aliona kweli kwamba hakuna njia nyingine ya kupata mkopo, na akachanganya mali yake na ya watu kama wengi wanavyofanya, bila kujiona mwizi. Kumbukumbu za serikali zinakuonyesha nani amekaa wapi. Hazikuonyeshi anawaza nini akiwa amekaa.

Akaondoka na bahasha yake. Soda alituachia, na nilikuwa wa mwisho kuinywa yangu.

Mashine haikujengwa Iguguno. Mama mkwe alikataa kujiuzulu. Alisema hazina ambayo hajaiona hawezi kumkabidhi mtu mwingine. Bado mimi huingia kwenye ile tovuti mara kwa mara kuona kama kampuni imebadilika, na mke wangu akinikuta hunisalimia kama anavyosalimia askari.

Msimu uliofuata nilienda tena Iguguno, safari hii kuvuna, nikiwa nimeshalipa jogoo. Magunia ya alizeti yalipangwa pale pale kwenye kiwanja, ya mama mkwe na ya majirani zake, yakingoja pikipiki ya magurudumu matatu iyapeleke kukamuliwa mbali, kama miaka yote. Jua lilikuwa kali, na kina mama walikuwa wamechoka kungoja.

"Mwenzetu," mmoja akamwambia mama mkwe, "ungetoa kiwanja, saa hizi tungekuwa tunakamulia hapa hapa tumekaa."

"Tungekuwa tumeshapika," mwingine akadakia, akanitupia jicho mimi.

Mama mkwe hakugeuka. "Nitakitoa. Kesho hata. Niambieni nyinyi tukiandike jina la nani."

Wakatazamana.

"Niandike mimi," wa kwanza akasema, akicheka.

"Wewe? Sufuria langu uliloazima liko wapi?"

"Basi tuandikwe wote."

"Wote na yule aliyehamia kule Mkiwa kwa mwanawe? Akija kudai fungu lake?"

"Kwani wewe kitambulisho chako si kilipotea?"

Kicheko kikapungua. Kila mmoja akaleta jina, kila jina likapata kasoro, na mama mkwe akawasikiliza akichambua pumba kwenye ungo. Walikuwa bado wanabishana pikipiki ilipofika. Mwenye pikipiki akashuka, akayatazama magunia yote yanayofanana, akauliza lipi ni la nani.

Kila mmoja akaenda kusimama kwenye la kwake.